Billie Holiday: Sauti ndogo iliyobadili uimbaji, na kadi ya polisi iliyomfungia milango

TAA za ukumbi zilizimwa zote, ikabaki moja tu iliyomulika uso wa mwimbaji. Wahudumu waliacha kugawa vinywaji, na mtunza fedha hakuruhusiwa kugusa mashine yake. Wimbo ulipokwisha, taa ile nayo ilizimwa. Ilipowashwa tena, jukwaa lilikuwa tupu. Hata watu wangepiga makofi namna gani, mwimbaji hakurejea.

Hivyo ndivyo Billie Holiday alivyomaliza maonyesho yake mwaka 1939 katika klabu ya Cafe Society, mjini New York, Marekani. Wimbo wenyewe uliitwa "Strange Fruit". Haukuwa wa mapenzi wala wa kuchezea dansi. Ulizungumzia miili ya watu weusi iliyoachwa ikining'inia mitini katika majimbo ya kusini mwa nchi hiyo.

Mwanamke huyo alikuwa na umri wa miaka 24 wakati huo. Hakuwahi kusomea muziki, na sauti yake haikuwa na upana mkubwa. Hata hivyo, wataalamu wengi wa muziki wa jazi wanamweka miongoni mwa waimbaji wachache waliobadili namna watu wanavyoimba duniani. Miaka 20 baadaye alifariki dunia akiwa chini ya ulinzi wa polisi, kitandani hospitalini.

Yaliyotokea kati ya usiku ule na kifo hicho yanaonyesha jinsi kipaji kinavyoweza kuheshimiwa na wasikilizaji huku sheria na desturi za nchi zikikibana.

Utoto wa taabu

Billie Holiday alizaliwa Aprili 7, 1915, katika mji wa Philadelphia, na akakulia Baltimore. Jina alilojulikana nalo utotoni ni Eleanora Fagan. Mama yake, Sadie, alikuwa msichana mdogo asiye na kazi ya uhakika. Baba yake, Clarence Holiday, alikuwa mpiga gitaa ambaye baadaye alipigia bendi mashuhuri ya Fletcher Henderson, lakini hakuishi na mwanawe.

Kwa kuwa mama alisafiri kutafuta kibarua, mtoto aliachwa mikononi mwa ndugu. Mwaka 1925, akiwa na umri wa miaka tisa, alipelekwa katika shule ya maadilisho ya Kikatoliki kwa kosa la utoro. Mwishoni mwa mwaka 1926 alibakwa na jirani. Badala ya kulindwa nyumbani kwao, mtoto huyo alirudishwa katika shule ile ile ya maadilisho.

Mwaka 1929 alimfuata mama yake Harlem, kitongoji cha watu weusi mjini New York. Mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 14, alikamatwa katika msako wa danguro na kufungwa. Alipotoka alianza kuimba katika baa na klabu ndogo ndogo, ambako malipo yalikuwa sarafu zilizoachwa mezani na wateja. Jina la Billie alilichukua kutoka kwa mcheza filamu Billie Dove, na la Holiday kutoka kwa baba yake.

Mapema mwaka 1933, John Hammond, kijana wa familia tajiri aliyekuwa akitafuta vipaji, alimsikia akiimba Harlem. Novemba mwaka huo Hammond alimpeleka studio kurekodi na Benny Goodman, mpiga klarineti ambaye wakati huo hakuwa maarufu bado.

Swingi ni nini?

Ili kuelewa nafasi ya Billie Holiday, ni muhimu kuelewa zama alizoimbia. Swingi ni mtindo wa jazi uliotawala Marekani kuanzia katikati ya miaka ya 1930 hadi mwisho wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Ulikuwa muziki wa dansi. Ulipigwa na bendi kubwa zenye wanamuziki kati ya 12 na 16 au zaidi, waliogawanyika katika makundi ya tarumbeta, tromboni na saksafoni, huku piano, gitaa, besi na ngoma zikishikilia mapigo.

Katika bendi hizo, mwimbaji hakuwa mtu mkubwa. Alikaa kitini pembeni, akangojea zamu yake, akaimba beti chache katikati ya wimbo, kisha akarudi kuketi. Jina lililoandikwa kwa herufi kubwa kwenye mabango lilikuwa la kiongozi wa bendi. Mwimbaji alitakiwa kuutoa wimbo kama ulivyoandikwa, kwa sauti safi, bila kuwasumbua wachezaji dansi.

Billie Holiday hakuimba hivyo. Mabwana wake katika muziki walikuwa Louis Armstrong na Bessie Smith, aliowasikia kupitia santuri tangu utotoni. Kutoka kwa Armstrong alijifunza kuitumia sauti kama mpulizaji anavyotumia tarumbeta, yaani kuupokea wimbo na kuujenga upya papo kwa papo.

Sauti yake ilizidi oktavo moja kwa kiasi kidogo tu. Kwa hiyo, pale ambapo mtunzi aliandika noti za kupanda na kushuka sana, yeye alizibana zikawa karibu karibu, mfano wa mtu anayezungumza. Aidha, alichelewa kidogo kuingia. Bendi ilitangulia na mapigo, naye akafuata nyuma yake, halafu akalipata mwishoni mwa mstari kama mtu asiye na haraka anayefika kwa wakati. Ucheleweshaji huo mdogo ndio uliomfanya msikilizaji angojee kila neno.

Teknolojia nayo ilimsaidia. Kabla ya kurekodi kwa umeme kuanza kutumika mwaka 1925, mwimbaji alilazimika kupaza sauti ili asikike. Kipaza sauti kiliondoa ulazima huo. Sauti ndogo iliweza sasa kusikika juu ya bendi nzima, na hata mnong'ono ukawa na maana. Billie Holiday alikuwa miongoni mwa wa kwanza kulielewa jambo hilo kwa undani.

Lady Day na Prez

Julai 1935 alianza kurekodi na mpiga piano Teddy Wilson. Rekodi hizo zililenga zaidi soko la mashine za sarafu zilizopiga santuri katika baa na migahawa. Gharama zilibanwa, mazoezi yalikuwa machache, na nyimbo walizopewa mara nyingi zilikuwa zile ambazo waimbaji wazungu wakubwa hawakuzitaka. Malipo yake yalikuwa ya mkupuo. Santuri zilipoendelea kuuzwa, yeye hakupata mgawo wowote.

Pamoja na hayo, leo rekodi hizo zinahesabiwa kuwa hazina. Kuanzia Januari 1937 alirekodi na mpiga saksafoni Lester Young, na wawili hao wakaelewana kwa namna ambayo haijasahaulika. Saksafoni ilipita kando ya sauti yake kama mtu wa pili katika mazungumzo, isimzibe wala isimwache peke yake. Young ndiye aliyemwita "Lady Day". Naye akamwita Young "Prez", yaani rais. Walikuwa marafiki wa karibu, na kwa muda Young aliishi nyumbani kwa mama yake Billie.

Mwaka 1937 alijiunga na bendi ya Count Basie. Kwa bahati mbaya, Basie na Holiday walikuwa na mikataba na kampuni tofauti za santuri, hivyo hawakuweza kurekodi pamoja studio. Kilichobaki ni vipande vichache vilivyonaswa kutoka matangazo ya redio. Januari 1938 bendi hiyo ilishindana na bendi ya Chick Webb katika ukumbi wa Savoy, Harlem. Upande mmja aliimba Billie Holiday, upande wa pili Ella Fitzgerald. Mashabiki walibishana kwa muda mrefu juu ya nani aliyeshinda.

Lifti ya mizigo

Mwaka huo wa 1938, Holiday alihamia bendi ya Artie Shaw, mzungu. Alikuwa miongoni mwa wanawake weusi wa kwanza kuajiriwa na bendi ya wazungu na kuzunguka nayo nchini. Kwa wakati ule hilo lilikuwa jambo kubwa, lakini pia la hatari. Katika majimbo ya kusini hakuweza kula katika migahawa pamoja na wenzake wala kulala katika hoteli walizolala wao.

Udhalilishaji haukuwa wa kusini peke yake. Kwa maelezo yake mwenyewe, alipokuwa na Basie mjini Detroit aliwahi kutakiwa apakwe rangi nyeusi usoni, kwa hofu kwamba watazamaji wangemdhania mwanamke mzungu aliyesimama kati ya wanaume weusi. Naye alipokuwa na Shaw katika hoteli ya Lincoln, New York, alitakiwa kutumia lifti ya mizigo ili wageni wasimwone.  Novemba 1938 aliondoka katika bendi.

Mwezi uliofuata, mfanyabiashara Barney Josephson alifungua Cafe Society katika eneo la Greenwich Village. Nia yake ilikuwa kuwa na klabu ambamo weusi na wazungu wangekaa meza zinazokaribiana bila kutengwa, jambo lililokuwa adimu hata New York. Billie Holiday ndiye aliyekuwa mwimbaji wake mkuu wa mwanzo, na hapo ndipo "Strange Fruit" ulipomfikia.

Mtunzi wa wimbo huo alikuwa Abel Meeropol, mwalimu wa sekondari na Myahudi, aliyetumia jina la Lewis Allan. Alikuwa ameona picha ya vijana wawili weusi waliouawa na kundi la watu mjini Marion, Indiana, mwaka 1930. Picha hiyo ilimnyima usingizi, akaandika shairi, kisha akalitungia muziki.

Mauaji hayo hayakuwa tukio la nadra. Takwimu zilizokusanywa na Chuo cha Tuskegee zinaonyesha kuwa kati ya mwaka 1882 na 1968 watu 4,743 waliuawa Marekani na makundi ya watu bila kufikishwa mahakamani, na 3,446 kati yao walikuwa weusi. Muswada wa kuyafanya mauaji hayo kuwa kosa la serikali kuu ulipita katika Baraza la Wawakilishi mwaka 1922, lakini ukakwamishwa katika Seneti.

Kwa Holiday, wimbo huo uligusa pia msiba wa nyumbani. Baba yake alifariki kwa ugonjwa wa mapafu mwaka 1937 huko Texas, na binti aliamini kwamba alikosa tiba mapema kwa sababu ya rangi yake.

Kampuni ya Columbia, iliyokuwa na mkataba naye, iliogopa kuurekodi wimbo huo ikihofia wateja wa kusini. Hata hivyo, ilimruhusu kurekodi kwingine. Milt Gabler, mwenye duka la santuri na kampuni ndogo ya Commodore, alikubali, na Aprili 20, 1939 wimbo ukarekodiwa. Miaka 60 baadaye, mwaka 1999, jarida la Time liliutaja kuwa wimbo wa karne.

Kadi yenye nguvu kuliko kipaji

Katika miaka ya 1940 Holiday alifikia kilele. Mwaka 1941 alirekodi "God Bless the Child", wimbo alioutunga pamoja na Arthur Herzog. Mwaka 1944 kampuni ya Decca ilimrekodi akisindikizwa na vinanda vya nyuzi, heshima ambayo waimbaji wachache weusi waliipata.

Wakati huo bendi kubwa zilikuwa zinafifia. Vita vilichukua wanamuziki, na kodi mpya ya kumbi za starehe ilipandisha gharama. Aidha, mgomo wa chama cha wanamuziki ulioanza Agosti 1942 ulizuia wapiga ala kurekodi, ilhali waimbaji waliweza kuendelea. Mwimbaji aliyekuwa akikaa pembeni sasa akawa ndiye nyota.

Lakini ni katika miaka hiyo hiyo ambapo alizama katika heroini. Mei 1947 alikamatwa, akakiri kosa mahakamani, na akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na siku moja katika gereza la serikali kuu la Alderson, West Virginia. Aliachiwa Machi 16, 1948. Siku 11 baadaye aliimba katika ukumbi wa Carnegie Hall, na tiketi zote zilikuwa zimekwisha.

Mtu angeweza kudhani kwamba adhabu imemalizika. Sivyo ilivyokuwa. Tangu mwaka 1940, kila mtu aliyefanya kazi katika klabu iliyouza pombe mjini New York, awe mpishi, mhudumu au mwanamuziki, alitakiwa kuwa na kadi maalumu iliyotolewa na polisi baada ya kuchukuliwa alama za vidole. Mwenye rekodi ya makosa aliweza kunyimwa. Kwa sababu ya kifungo chake, Billie Holiday alinyang'anywa kadi hiyo, na hakuipata tena maisha yake yote.

Hapa ndipo penye ajabu ya sheria hiyo. Aliweza kuimba mbele ya maelfu ya watu Carnegie Hall, kwa kuwa ukumbi ule haukuwa klabu ya pombe. Lakini hakuruhusiwa kuimba mbele ya watu 100 katika klabu ndogo, mahali hasa ambapo jazi iliishi na ambapo mwanamuziki alipata mshahara wa kila wiki. Matamasha makubwa yalikuwa machache kwa mwaka. Klabu zilifunguliwa kila usiku.

Matokeo yake alilazimika kusafiri kutoka mji hadi mji, mbali na nyumbani, akiwa katika hali ambayo ilihitaji utulivu na matibabu. Wengine nao walikumbwa na adha hiyo. Mpiga piano Thelonious Monk aliikosa kadi yake kuanzia mwaka 1951 hadi 1957.

Baadhi ya waandishi wamedai kwamba idara ya kupambana na dawa za kulevya, chini ya Harry Anslinger, ilimwandama kwa sababu ya "Strange Fruit". Wanahistoria hawakubaliani juu ya dai hilo. Lisilo na ubishi ni kwamba alifuatiliwa mara kwa mara. Mwaka 1949 alikamatwa San Francisco, ingawa baraza la mahakama lilimwona hana hatia.

Miaka ya mwisho

Katika miaka ya 1950 sauti ilianza kukwaruza. Noti za juu zilimkimbia, na pumzi ikapungua. Hata hivyo, uwezo wake wa kulipa neno uzito haukupungua. Mwaka 1954 alizuru Ulaya na kupokewa kwa heshima. Mwaka 1956 kilitoka kitabu cha maisha yake, "Lady Sings the Blues", alichokiandaa na mwandishi wa habari William Dufty.

Desemba 8, 1957, televisheni ya CBS ilirusha moja kwa moja kipindi cha jazi kilichowakutanisha tena Holiday na Lester Young. Urafiki wao ulikuwa umepoa, na Young alikuwa mgonjwa kiasi cha kukaa kitini muda mwingi. Zamu yake ilipofika katika wimbo "Fine and Mellow", alisimama akapiga noti chache tu, taratibu. Kamera ilimnasa Holiday akimtazama, akitikisa kichwa polepole na kutabasamu. Wapenzi wa jazi wanaihesabu dakika hiyo kuwa miongoni mwa nzuri kuliko zote zilizowahi kuonyeshwa katika televisheni.

Young alifariki Machi 15, 1959. Mei 31 mwaka huo Holiday alilazwa katika hospitali ya Metropolitan, New York, akisumbuliwa na ini na moyo. Siku chache baadaye polisi walidai kukuta dawa za kulevya chumbani mwake. Alikamatwa akiwa kitandani, akachukuliwa alama za vidole hapo hapo, na askari wakawekwa mlangoni.

Billie Holiday alifariki Julai 17, 1959, akiwa na umri wa miaka 44. Katika akaunti yake ya benki zilikutwa senti 70. Dola nyingine 750 alikuwa nazo mwilini.

Heshima zilifuata alipokwisha kuondoka. Mwaka 1972 ilitoka filamu ya maisha yake iliyochezwa na Diana Ross, na mwaka 2021 nyingine iliyochezwa na Andra Day. Baltimore kuna sanamu yake. Frank Sinatra alikwishasema, Holiday akiwa hai bado, kwamba hakuna mwimbaji aliyemfunza zaidi yake.

Mfumo wa kadi za polisi ulifutwa mwaka 1967, miaka minane baada ya kifo chake. Sheria ya serikali kuu dhidi ya mauaji yale aliyoyaimba ilichelewa zaidi. Ilitiwa saini na Rais Joe Biden Machi 29, 2022. Tangu usiku ule ambapo taa za Cafe Society zilizimwa kwa ajili ya wimbo mmoja, ilikuwa imepita miaka 83.